Nalipa matunzo kila wiki, mbona posho ya watoto anachukua mama yao peke yake?

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 38, naishi Leicester, Uingereza, nabeba boksi kwenye ghala moja nje ya mji, zamu ya usiku. Mimi na mama wa watoto wangu tuliachana miaka miwili na nusu iliyopita. Watoto ni wawili, wa kiume ana miaka 9, wa kike 6, na wanaishi kwa mama yao.

Sikuwakimbia. Wapo wenzangu waliozima simu na kuhama mji, mimi sikufanya hivyo. Watu wa Child Maintenance Service (CMS), ofisi ya serikali ya matunzo ya watoto, walipiga hesabu kwenye mshahara wangu, £640 kwa wiki kabla ya makato, wakasema nitoe £102.40 kwa wiki kwa watoto wote wawili. Natuma mwenyewe, akaunti yangu kwenda akaunti yake, kila Ijumaa. Sijaruka hata wiki moja. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba na wenzangu watatu, watoto hata pa kulala hapakuwepo. Tangu mwaka jana nina fleti ya vyumba viwili, wanakuja wikiendi moja ndiyo, moja hapana, Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, na Jumatano pia wanalala.

Kinachoniuma ni hiki. Anapokea hiyo yangu, halafu serikali inampa posho ya watoto, Child Benefit, £43.30 kwa wiki, halafu ana Universal Credit, ruzuku ya wenye kipato kidogo, juu yake. Kwangu hairudi hata senti. Mwezi wa kumi na moja nilimnunulia kijana koti la baridi, £45. Likaenda kwa mama yake, halikurudi. Safari iliyofuata amekuja kwangu na sweta, mvua inanyesha, anatetemeka mlangoni. Nikanunua la pili. Risiti zote mbili ninazo.

Sasa juzi kazini, saa nane usiku tukiwa kwenye chai, jamaa yangu akanionyesha kwenye simu ukurasa wa serikali wenyewe. Umeandikwa kwamba unahesabiwa unawajibika kwa mtoto kama unaishi naye, au kama unatoa kwa ajili yake pesa isiyopungua hiyo posho. Akaniambia, "Wewe unatoa mia na mbili, posho ni arobaini na tatu. Dai!" Na anasema posho ikishakuwa kwa jina lako, kibao kinageuka: mama ndiye anaanza kukulipa wewe matunzo. Mwingine akasema nisihangaike na fomu, nikate tu hiyo £43.30 kwenye ninayotuma, nimpe £59.10, zilizobaki ajazie na za serikali.

Sitaki ugomvi, Mjomba. Lakini naona nchi hii baba ni mashine ya kutolea pesa tu. Nidai au nisidai? Na nikikata, je?

Baba wa Wawili, Leicester

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usidai. Wala usikate. Lakini usiikunje barua hii bado, kwa sababu ipo pesa unayoidai kweli, na hukuitaja.

Tuanze na jamaa yako wa chai ya saa nane. Hakukudanganya, amekusomea nusu ya ukurasa. Ni kweli sheria ya 1992 inayosimamia posho hizi inataja milango miwili: kuishi na mtoto, au kuchangia gharama zake kwa wiki kiasi kisichopungua posho yenyewe. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26 posho ni £26.05 kwa mtoto wa kwanza na £17.25 kwa kila anayefuata, ndiyo hiyo £43.30 yako. Kwa hiyo mlango wa pili unapita vizuri kabisa. Nusu ambayo jamaa hakuisoma inasema hivi: posho ya mtoto mmoja hulipwa mtu mmoja tu, na wakijitokeza wawili, anayeishi na mtoto anatangulia mbele ya anayechangia. Hata ungekuwa unatuma £500 kwa wiki, mama yao akiwa anadai na watoto wanalala kwake siku nyingi, wewe ni wa pili kwenye foleni ambayo ina kiti kimoja.

Mlango wa pili una kazi yake, na wapo baba wanaousoma ukurasa huu ambao unawahusu. Ni pale ambapo anayeishi na mtoto hadai posho hiyo. Chukua mama ambaye viza yake ina sharti la kutogusa fedha za umma. Huyo Child Benefit asiiguse, itamharibia makaratasi. Baba mwenye ukaazi wa kudumu anayemtumia matunzo yanayofikia kiwango cha posho anaweza kuidai yeye. Na mama huyohuyo asiogope kupokea matunzo kutoka kwa baba, maana hayo si fedha za umma, ni jukumu la mzazi. Naletewa swali hilo mara nyingi kuliko lako.

Turudi kwako. Ukijaza fomu, mamlaka ya kodi, HMRC, itaona majina ya watoto tayari yako kwa mtu mwingine. Itamwandikia. Atafungua bahasha asubuhi, watoto wanakula uji, aone kwamba baba yao amedai kuwa posho ni yake. Atajibu kwamba watoto wanaishi kwake, shule inajua, daktari anajua. Utakuwa umekosa pesa, na umeuza amani ya mwaka mzima bure. Na kama kwenye fomu ungeandika kwamba wanaishi kwako muda mwingi, hayo ni maelezo ya uongo kwa serikali, tusifike huko.

Hiyo posho nayo si £43.30 peke yake. Anayedai kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka 12 anaandikiwa michango ya bima ya taifa, ile inayohesabiwa kwenye pensheni ya uzeeni. Wewe unakatwa ghalani, miaka yako inajaa. Mama anayefanya saa chache ili awahi geti la shule, miaka yake inajazwa na hiyo posho unayotaka kuihamisha.

Kuhusu kibao kugeuka, hapo pia kuna ukweli uliokatwa mkia. CMS huanza kwa kuchukulia kwamba anayepokea Child Benefit ndiye mwenye malezi makubwa ya kila siku, mpaka uletwe ushahidi wa kinyume. Kwa hiyo posho ni kama alama, inaonyesha watoto wako upande gani. Kuihamisha alama hakuwahamishi watoto.

Sasa hii ya kujikatia £43.30. Mpwa wangu, hesabu ya CMS haina mstari wa kutoa Child Benefit. Ukituma £59.10, zilizobaki ni deni. Wiki kumi tu, £433. Na hapo mama anayo haki ya kuomba CMS waache kukuamini na waanze kukusanya wenyewe. Wakikusanya, wanakuongezea 20% juu, £102.40 inakuwa £122.88, na yeye wanamkata 4% ya inayomfikia. Karatasi inaweza kwenda moja kwa moja kwa mwajiri wako bila kupitia kwa hakimu, mshahara unakatwa kabla hujauona. Huyo aliyekushauri, muulize yeye analipaje kwake.

Najua kinachokuuma si hesabu. Ni ile hali ya kutoa bila kuonekana. Ugomvi huu wewe si wa kwanza kuubeba, na haukuanza na wahamiaji. Serikali ya Uingereza ilipotunga posho ya kwanza ya familia, 1945, muswada ulisema pesa iwe ya baba. Mbunge mmoja mwanamke, Eleanor Rathbone, aliyekuwa ameipigania posho hiyo kwa miongo kadhaa, akaapa ataupigia kura ya hapana muswada aliouzaa mwenyewe kama mama hatalipwa. Serikali ikarudi nyuma. Baadaye, kuanzia 1977, nafuu ya kodi ambayo baba alikuwa akiiona kwenye karatasi yake ya mshahara kwa ajili ya watoto ilianza kuondolewa, ikageuzwa Child Benefit. Hata mawaziri wenyewe walisitasita, wakihofia wanaume watasemaje mshahara ukipungua. Mfuko wa baba kwenda mkoba wa mama, makusudi kabisa.

Na baba waliolea nusu kwa nusu, au karibu na hapo, wamekwenda mahakamani. Mmoja alifika Mahakama ya Juu, 2012, si kwa Child Benefit bali kwa ruzuku nyingine ya watoto yenye kanuni hiyohiyo ya mlipwaji mmoja. Watoto walikuwa kwake siku tatu kwa wiki. Hakuna aliyebisha kwamba kanuni hiyo inawaumiza baba zaidi ya mama. Akashindwa hata hivyo. Majaji walisema pesa ni ya kumtunza mtoto, na kuigawa katika nyumba mbili kungeleta usumbufu na kuipunguzia nguvu nyumba anayoitegemea zaidi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Australia wanagawa, mzazi mwenye angalau 35% ya malezi anapata fungu lake, na mbingu hazijaanguka. Lakini sisi hatuishi Australia.

Universal Credit yake isikuumize kichwa. Kile kipande cha watoto nacho hulipwa mzazi mmoja, mwenye malezi makubwa. Na matunzo yako hayapunguzi hiyo ruzuku yake. Zamani yalikuwa yanazipunguza ruzuku zilizoitangulia, baba analipa, serikali inakata kwa mama, mtoto hapati tofauti. Utaratibu huo waliufuta kwenye ruzuku za namna hiyo 2010. Maana yake kila paundi yako inafika nyumbani kwa watoto. Ningekuwa wewe ningependa iwe hivyo.

Haya. Sasa soma hapa polepole.

16% ya £640 ni £102.40. Nimepiga kwa kalamu, nikapiga kwa simu. Hiyo 16% ni kiwango cha watoto wawili ambao hawalali kwa baba yao hata usiku mmoja. Yaani CMS mpaka leo wanakujua kama yule mtu wa chumba cha wanne. Barua yako imejaa paundi na senti, halafu Jumatano umeitaja kwa maneno manne, mwisho wa sentensi, kama mtu anayeomba radhi. Jumatano ndiyo kesi yako yote.

CMS hawahesabu mapenzi, wanahesabu usiku. Kuanzia usiku 52 mpaka 103 kwa mwaka, matunzo hupungua kwa sehemu moja ya saba. Kuanzia 104 mpaka 155, sehemu mbili za saba. 156 mpaka 174, tatu za saba. Ukifika 175 ni nusu, pamoja na £7 zaidi kwa kila mtoto. Wikiendi zako 26, usiku mbili mbili, ni 52. Jumatano za mwaka mzima ni 52. Jumla 104. Umeukanyaga mstari kwa kidole gumba! Kwa 104 unalipa £73.14 badala ya £102.40. Jumatano moja ikikatika, mafua, au zamu imebadilishwa, uko 103, unalipa £87.77. Kwa hiyo Jumatano ile moja ina thamani ya £14.63 kila wiki, mwaka mzima. Hukuniambia lolote kuhusu likizo ya Agosti. Kama wanakaa kwako hata wiki moja, umeuvuka mstari na nafasi ya mafua imebaki. Kama hawakai, omba wiki hiyo, na uiombe kwa sababu ya watoto, maana wataijua tofauti.

Uliyolipa zaidi tangu mwaka jana, yahesabu yameliwa na watoto wako. Hesabu mpya kwa kawaida huanzia siku uliyowapa taarifa, haitazami nyuma. Ndiyo maana sitaki ukae na barua hii mwezi mzima.

Ila usiwapigie CMS kesho asubuhi. Mpigie kwanza mama watoto. Najua hili linauma kuliko yote, lakini fikiria: wakimwandikia kabla hujamwambia, ataona njama, na jambo la kwanza atakaloligusa ni Jumatano. Nimewaona waliofanya hivyo. Mmoja, kijana mzuri tu, dereva, alipunguziwa £20 kwa wiki, na ndani ya miezi miwili usiku wake ukawa umepungua nao, kila wiki kuna sherehe ya rafiki, kila wiki mtoto ana kikohozi. Hakuna aliyevunja sheria. Ila akawa analala peke yake kwenye fleti yenye vitanda vitatu.

Kwa hiyo mpigie, halafu yale mliyoongea yaandike kwenye ujumbe wa simu siku hiyohiyo, lugha ya kawaida: "Kama tulivyosema, watoto wanaendelea kulala kwangu kila Jumatano na wikiendi moja moja, na wiki ya kwanza ya Agosti." Akijibu "sawa", una maandishi. CMS hutazama makubaliano ya wazazi au amri ya mahakama juu ya miezi 12 ijayo. Akikiri kwamba wanalala kwako ila mkabishana idadi, wanaweza kuchukulia usiku mmoja kwa wiki, na utaishia kwenye moja ya saba. Ndiyo sababu nataka kalenda kwenye friji, alama ya X kila asubuhi wakiamka kwako. Mpe binti kalamu aweke yeye, wa miaka 6 wanapenda kazi hizo.

Na mnaweza kuamua kuachana na CMS kabisa, mkapatana kiasi nyie wenyewe. Inaruhusiwa. Sheria ingesema £73.14, lakini kama yeye atayumba kwa kupoteza £29.26 kwa mpigo, ungeweza kumwambia, "Tushuke mpaka £85, na wewe Agosti unipe wiki mbili." Mimi ningefanya hivyo. Wewe mfuko wako unaujua.

Ipo siku huenda malezi yakawa nusu kwa nusu kweli, na sisemi usiku tu, nasema nani anaitwa shule mtoto akitapika, nani anakata kucha, nani anajua saizi ya viatu. Hapo matunzo ya CMS huondoka kabisa, na mkiwa na watoto wawili mnaweza kukubaliana kila mmoja adai mmoja. Kila nyumba inahesabiwa ina mtoto wa kwanza, kwa viwango hivyohivyo vya 2025/26 ni £26.05 kwako, £26.05 kwake, jumla £52.10 badala ya £43.30. Wengi hawalijui hilo. Lakini ghala la usiku haliendani na nusu kwa nusu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Risiti za makoti usizipeleke popote. CMS hawahesabu nguo, ni kama zawadi. Makoti sasa yako mawili, moja huku moja kule, na hicho ndicho mtoto wa nyumba mbili anachohitaji. Mkiongea na mama yake, muulize kuhusu viatu vya shule pia, nani ananunua mwezi wa tisa. Na leo ni siku gani? Kama ni Jumanne, tandika vitanda.